Maswali ya Wasomaji: Mzuka Asiyetisha

SWALI: Ndugu Mhariri, nilitazama pamoja na dada yangu filamu ya Kimarekani ya mwaka 2017 iitwayo A Ghost Story, iliyoongozwa na David Lowery. Dada, ambaye alifiwa na mumewe miaka mitatu iliyopita, alilia tangu katikati hadi mwisho. Mimi nilisinzia mara mbili, na lile shuka jeupe lenye matundu mawili ya macho, alilojifunika mzuka, likanichekesha. Tangu siku hiyo ananiona sina moyo. Je, kasoro ni yangu au ni ya filamu?

JIBU: Kasoro si yako, ndugu yangu, wala siioni kuwa ya filamu. Wengi waliokwenda wakitarajia kushtuliwa walitoka wakinung'unika kwamba hawakutishwa hata kidogo, na manung'uniko hayo yana haki yake, kwa kuwa jina la filamu linaahidi hadithi ya mzuka, ilhali wanachopewa ni kisa cha marehemu anayerudi nyumbani kwake na kusimama pembeni, kimya, dakika 92 zikipita. Kicheko chako pia hakina dhambi. Shuka lenye matundu ni mzuka wa michezo ya watoto, na mwongozaji alilichagua akijua hivyo. Casey Affleck, anayeigiza mume aliyekufa katika ajali ya gari, anabaki chini ya shuka hilo kwa sehemu kubwa ya filamu, na hivyo mtazamaji hana uso wa kuusoma. Hana budi kuuweka mwenyewe. Dada yako alikuwa nao tayari.

Hata hivyo, usidhani kwamba kila mfiwa huipokea hivyo. Msomaji mmoja mjane aliwahi kuniandikia kwamba aliizima kabla ya nusu, kwa sababu msiba alioujua yeye ulikuwa wa watu na kelele, simu zisizokoma na viti visivyotosha, na ile nyumba tupu hakuitambua kabisa. Sikuwa na la kumpinga.

SWALI: Kwa nini yule mke anaachwa akila pai muda wote ule? Wangekata baada ya dakika moja, tungekuwa tumeshaelewa.

JIBU: Tungeelewa, ndiyo, kisha tungesahau. Tazama tena tukio lenyewe. Mke, anayeigizwa na Rooney Mara, anaketi sakafuni jikoni, mgongo ukiegemea kabati, na kuanza kula pai iliyoachwa mezani na mtu mwenye nia njema. Kamera haisogei. Hakuna muziki, kinachosikika ni uma ukikwaruza sahani na pumzi za mtu anayemeza bila njaa. Mwanzoni mtazamaji anangoja jambo litokee, halafu anakereka, halafu anaona haya kidogo, kana kwamba amechungulia dirisha la watu. Ni wakati huo, jicho likiwa limechoka kumtazama mke, ndipo wengi wetu hugundua kwamba mzuka amesimama pale pale tangu mwanzo, naye anatazama tu kama sisi, hawezi kumgusa wala kuondoka. Baada ya takriban dakika 5 mke anainuka mbio kwenda kutapika.

Umbo la picha linasaidia kubana. Ni karibu mraba, na pembe zake zimeviringwa kama za picha za zamani, hivyo jicho halina pa kukimbilia.

Kisha filamu ile ile inayokutesa kwa uma na sahani inaanza kuruka. Tunamwona mke akitoka kwa mlango mmoja siku baada ya siku ndani ya picha moja isiyokatwa, halafu anahama, wapangaji wengine wanaingia, nyumba inabomolewa na jengo refu la ofisi linasimama mahali pake. Mtazamaji aliyevumilia zile dakika 5 za sakafuni ndiye anayeuhisi uzito wa miaka hiyo inayopotea bila kuhesabiwa. Ukiifupisha pai, mruko huo unabaki kuwa ujanja wa mhariri wa picha tu.

Mimi lawama yangu iko kwingine. Kuna karamu ambamo mgeni mmoja anahutubia kirefu kuhusu mtunzi wa muziki Beethoven, na jinsi muziki, vizazi na hatimaye ulimwengu wenyewe utakavyotoweka. Watu waliokuwa wakisinzia huamka hapo na kusema hatimaye filamu imeanza. Mimi huona hapo ndipo inapojiamini kidogo kuliko kwingine, maana inatamka kwa kinywa yale ambayo jiko lilikwisha kutuonyesha.

SWALI: Ile karatasi iliyofichwa ukutani ilikuwa imeandikwa nini?

JIBU: Filamu haionyeshi maneno yake, na kuisimamisha picha hakutakusaidia. Mke anaikunja, anaitia katika ufa kando ya mlango na kuipaka rangi juu yake. Mzuka anakwangua na kukwangua, akikatizwa kila mara, mpaka siku anapoitoa na kuisoma, na papo hapo shuka linaporomoka sakafuni likiwa tupu. Mkumbuke pia mzuka wa nyumba ya jirani, mwenye shuka la maua, ambaye watazamaji wengi humsahau. Yeye hakuachiwa karatasi. Anamngoja mtu ambaye hata hamkumbuki tena ni nani, na nyumba zilipobomolewa alisema anadhani hatakuja, shuka lake nalo likaanguka.