Mheshimiwa alinisumbua mwaka 2011: nimechelewa?

SWALI: Nilikuwa karani katika ofisi ya mheshimiwa mmoja hapa mjini. Mwaka 2011 alinisumbua miezi mingi, akinishikashika na kunitishia kazi. Nikanyamaza. Nasikia kule New York mwandishi E. Jean Carroll alimshinda Trump mahakamani kwa jambo la miaka ya 1990. Mimi je?
Msomaji, Tudor

JIBU: Dada, mlango aliopitia Carroll kwetu haupo. New York ilitunga sheria mwaka 2022 iliyowapa watu wazima mwaka mmoja kufungua madai ya zamani ya kudhalilishwa kingono. Mwaka 2023 jopo la raia mahakamani likaamua Carroll alipwe dola milioni 5. Trump bado anakana. Kenya, madai ya fidia ya aina hii hufa baada ya miaka 3. Hilo limekupita.

Jinai ni habari nyingine. Ukomo wa miezi 12 wa kufungua mashtaka ni wa makosa madogo tu, si haya. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 kinamlenga mwenye cheo anayemwandama mtu kingono: kifungo kisichopungua miaka 3, faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote. Angalia neno "kumwandama": kutongozwa mara moja hakutoshi, na lazima uonyeshe vile kazi yako ilivyoguswa. Kushikwa matiti au makalio kuna kifungu chake, 11A, hata ikiwa ni mara moja.

Kabla hujawatafuta wenzako wa zamani wa kazini wakutolee ushahidi, andika yote: tarehe, au hata msimu (Ramadhani, kampeni), chumba, maneno, nani alikuwa mlangoni. Ukianza kwao, wakili wa mheshimiwa atasema mmepanga. Simu ya zamani usiitupe wala usimpe fundi aifute. Picha ya skrini bila cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi (maelezo yaliyotiwa sahihi ya jinsi ilivyopatikana) hukataliwa. Kisha nenda dawati la jinsia katika kituo cha polisi, na usitoke bila nambari ya OB, kitabu cha matukio. Ukiambiwa huna shahidi, wakumbushe kifungu cha 124 cha Sheria hiyo ya Ushahidi: hakimu akiridhika kuwa unasema kweli, na akaandika sababu zake, ushahidi wako pekee unatosha. Shanzu kuna mahakama maalumu ya kesi hizi tangu 2022.

Wengi huharibu mambo kwa kuanzia Facebook. Hapo mheshimiwa ndiye hugeuka mlalamikaji, kwamba amechafuliwa jina, na ana miezi 12 ya kukushtaki. Naye akikuita mwongo hadharani, miezi 12 hiyo ni yako. Kesi nyingine ya Carroll, ya dola milioni 83.3, ilitokana na maneno ya Trump tu.