Vivinjari vya zamani: mbalamwezi ya Kibirizi ilivyonidanganya

Ndugu uliyeuliza kutoka Tabora, nimeielewa shida yako hivi: unautengenezea ushirika wa wafuga nyuki tovuti ya kupokea oda za asali, viongozi wanataka ifanye kazi kwenye kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) chochote kile, mwenzako anakushauri uachane na vyote vilivyozeeka, nawe hujui umsikilize nani. Mimi nipo Kigoma mjini, na uamuzi wa namna hiyo niliwahi kuukosea, kwa hiyo nitaeleza kilichonipata kabla ya kukupa maoni.

Mwishoni mwa 2021 nilikitengenezea ukurasa kikundi cha wachuuzi wa dagaa mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mitumbwi inaposhusha samaki. Kila muuzaji alikuwa anaandika asubuhi ana magunia mangapi na kwa bei gani, ili wanunuzi wa Dar es Salaam na Mwanza waone kabla ya kupiga simu. Toleo la kwanza halikuwa na sura ya kujivunia, kwani lilikuwa fomu tupu inayotumwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Miezi michache baadaye niliamua kulipendezesha, na kwanza nikafanya jambo ambalo hadi leo ningemshauri mtu yeyote alifanye: nilipitia kumbukumbu za seva za wiki moja, zinazoorodhesha kila anayefungua ukurasa, ili nijue wageni wangu wanatumia vivinjari gani. Vya zamani vilihesabika kwa vidole. Nikaandika JavaScript (lugha inayoupa ukurasa vitendo) ya kisasa bila kuipitisha kwenye Babel, programu inayoigeuza ieleweke na vivinjari vya zamani, nikaiacha fomu yote iitegemee.

Kosa lilikuwa wiki niliyoichagua. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika. Wiki ile ilikuwa ya mbalamwezi, kwa hiyo waliofungua ukurasa walikuwa wanunuzi wa mijini wenye simu mpya, ilhali wauzaji wenyewe, ambao ukurasa ulitengenezwa kwa ajili yao, walikuwa nyumbani wakingoja giza. Giza liliporudi, mama mmoja wa pale mwaloni alinijia na simu yake mkononi. Nilipomwamkia hakungoja tumalize kusalimiana: "Marahaba, mwanangu, lakini kile kitufe chako kimekufa."

Niliichukua simu nikaona ukurasa umefunguka vizuri, bei zinasomeka, rangi zipo, ila kitufe cha kutuma kikibonyezwa hakuna kinachotokea. Chanzo kilikuwa alama mbili tu, alama ya kuuliza ikifuatiwa na nukta, ambayo ni njia fupi ya kusoma thamani inayoweza kuwa haipo. Chrome ilianza kuielewa mwaka 2020 katika toleo la 80, na simu ya mama ilikuwa na toleo la kabla ya hapo, kwa sababu hakuna anayetumia bando lake kusasisha kivinjari huku nafasi ya simu imejaa picha. Kivinjari kinapokutana na sarufi ya JavaScript kisiyoijua hakiruki mstari ule peke yake, bali hulikataa faili zima. HTML, inayopanga yaliyomo kwenye ukurasa, na CSS, inayoupa sura, haziko hivyo: sifa ya CSS isiyojulikana huachwa kando na zilizobaki huendelea kutumika, na elementi ngeni ya HTML huonyeshwa kama maandishi ya kawaida.

Tofauti hiyo ndiyo iliyobadilisha namna ninavyolitazama swali lako. Nilikuwa najiuliza nikiunge mkono kivinjari fulani au nisikiunge. Sasa najiuliza ni kazi gani kwenye ukurasa haipaswi kushindikana hata kidogo. Kwa Kibirizi ilikuwa kuandika idadi ya magunia, na kwako, naona, ni kutuma oda ya asali. Kazi hiyo iandike kwa HTML tupu, fomu yenye kitufe cha kawaida kinachopeleka taarifa kwenye seva, kisha JavaScript ije juu yake kuongeza hesabu ya papo hapo, ujumbe wa makosa na madoido mengine. Ikikataa kusomeka, oda bado inafika. Kuirudisha fomu yangu katika hali hiyo kulinichukua siku mbili, nyingi zikiwa za kufuta nilichokiandika.

Opera Mini nayo iangalie, kwa kuwa watu wa bando dogo wanaipenda. Katika hali yake ya kubana data sana, ukurasa huandaliwa kwenye seva za Opera na simu hupokea nakala iliyobanwa, huku JavaScript ikitekelezwa hukohuko kwa kiasi kidogo. Menyu inayofunguka kwa kuguswa inaweza isifunguke kabisa, lakini fomu ya kawaida hupita.

Viongozi wako wakitaja Internet Explorer, usibishane sana. Microsoft yenyewe iliiondoa kwenye huduma tarehe 15 Juni 2022, na mimi siipimi tena. Kompyuta za steshenari ni suala jingine. Hapa Kigoma bado ninakuta mashine za Windows 7, na toleo la mwisho la Chrome linalokubali mfumo huo ni 109 la Januari 2023. Toleo hilo linaijua CSS Grid, njia ya kupanga ukurasa kwa safu na mistari, na karibu kila kitu utakachohitaji kwenye tovuti ya oda, kwa hiyo kuzeeka kwake kusikutishe.

Mahali ambapo sikubali kulegeza ni usalama. Kuna aliyenishauri niiruhusu seva ikubali TLS 1.0, mtindo wa zamani na dhaifu wa kufunga mawasiliano yasisomwe na wengine, ili simu chakavu ziingie. Nilikataa, kwa sababu ningekuwa nadhoofisha mawasiliano ya wote kwa ajili ya wachache ambao wangeweza kuhudumiwa kwa namba ya simu iliyoandikwa kwenye bango pale mwaloni. Vilevile usichukue viraka vya vivinjari vya zamani, yaani msimbo unaoviongezea uwezo visivyo nao, kutoka seva ya watu usiowajua. Mwaka 2024 anwani ya polyfill.io, iliyokuwa ikigawa viraka hivyo, baada ya kubadili mmiliki, ilianza kupeleka msimbo hasidi kwenye tovuti zaidi ya 100,000 zilizokuwa zikiitegemea. Kiraka unachokihitaji kihifadhi kwenye seva yako.

Kuhusu malipo, neno "chochote" lisibaki kwenye makubaliano yenu. Waandikie kwamba oda itatumwa kutoka kivinjari chochote kinachoweza kufungua muunganisho salama, kwamba sura nzuri inaahidiwa kwa matoleo utakayoyataja, na kwamba kila nyongeza nje ya hapo ina bei yake kwa shilingi. Mimi sikuandika hivyo, na siku zile mbili nilizifanya bure.

Kumbukumbu za seva zisome katika msimu wa kurina asali na nje ya msimu, na utenge wanaonunua na wanaouza, maana hawatumii simu za aina moja. Kisha nenda kwa fundi simu ununue simu mbili chakavu za kujaribia. Zangu nilizipata Mwanga, hapahapa Kigoma, na zimenionyesha makosa ambayo kompyuta yangu haikuwahi kuyaonyesha. Chrome 109 nitaendelea kuipima hadi mwenye steshenari ninayechapia kazi zangu atakapobadilisha mashine zake.