Nina Altezza, nataka kujifunza drift: nianze na nini?

Swali: Jambo yaya (kaka) fundi. Niko na miaka 24, niko hapa Lubumbashi, komini ya Kampemba. Nimenunua Toyota Altezza AS200, moteri ya 1G, bwati (giaboksi) ya mkono yenye vitesi (gia) 6. Nataka kujifunza drift, yaani kuitelezesha gari ubavu kwa makusudi. Marafiki wananiambia nitoe 1G niweke moteri kubwa ya 1JZ yenye turbo, nichomelee difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), nikate springi ili gari ilale chini. Mekanisia wangu anasema nikifanya hivyo nitaiua gari, lakini yeye mwenyewe hajawahi kutengeneza gari ya drift. Pesa ni kidogo, na gari ndiyo hiyohiyo ya kwenda kazini na ya kupeleka mama kanisani Jumapili. Nianze na nini?

Jibu: Mdogo wangu, mekanisia wako anakutakia mema kuliko hao marafiki. Mambo matatu waliyokuambia, mawili uyasahau leo, na la tatu tulizungumze taratibu.

Moteri uiache. Ile 1G yako, 1G-FE ya VVT-i, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 160. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, na moteri isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kila unapopanda mita 100. Kwa hiyo hapa kwetu hesabu farasi 140 na kitu. Kwa mwanafunzi zinatosha kabisa, mradi nyuma kuwe na matairi magumu na chini kuwe na maji kidogo. Farasi 280 za 1JZ zitakugeuza kabla hujajua umekosea wapi. Ukiwa na 140, kosa linakuja polepole, unaliona, kesho yake unalirekebisha. Tena hesabu ya kubadilisha moteri haiishii kwenye moteri: inafuata bwati, waya, radiatere, shafti, na mwishoni unabaki na gari iliyosimama uani miezi 8 huku nyasi zinaota chini yake. Nimeziona nyingi.

Springi usikate. Springi iliyokatwa inakaa ovyo kwenye kiti chake, ukinyanyua gari na jeki inaweza kutoka, na kwenye mashimo ya barabara zetu amortisere itagonga mwisho wake kila siku. Wenzetu wa Dar wanaita shokapu, lakini zinakufa vilevile. Gari ikigonga chini katikati ya drift, tairi inaruka, inashika ghafla, na wewe unaelekea ukutani.

Kitu unachotafuta kwenye gari ya kujifunzia ni kwamba leo, kesho na keshokutwa ikufanyie kitu kilekile. Ukiigeuza ikakupeleka kushoto, na mara ya pili kwa usukani uleule ikakupeleka kwingine, hutajifunza lolote. Kwa hiyo pesa yako ya kwanza iende kwenye vitu ambavyo hakuna atakayekupigia makofi kwa sababu yake. Nyanyua gari, iweke juu ya viti vya chuma, shika gurudumu la mbele saa 3 na saa 9 ulitikise, kisha saa 12 na saa 6. Kikicheza kitu kwenye usukani ni tairodi; kikicheza juu na chini, angalia boljointi na beringi. Bushi za mikono ya nyuma zitazame kwa tochi: mpira uliopasuka unaiacha gurudumu ijipindie yenyewe unapokanyaga gesi. Hizo zibadilishe zote kabla hujanunua kitu chochote kinachong'aa.

Sasa difu, maana hapo marafiki zako hawakudanganya moja kwa moja. AS200 nyingi ziko na difu ya kawaida, ambayo hupeleka nguvu kwenye gurudumu lililo jepesi. Ukiingia kwenye kona, uzito unahamia nje, gurudumu la ndani linazunguka bure, moshi upande mmoja, na gari inajinyoosha. Ipime mwenyewe: zuia magurudumu ya mbele kwa mawe, nyanyua yote mawili ya nyuma juu ya viti, toa freni ya mkono, weka vitesi ya kwanza na moteri imezimwa. Zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likienda kinyume kirahisi, huenda difu ni ya kawaida. Likikataa kuzunguka, kuna kifungio ndani.

Kuchomelea difu kunayafanya magurudumu mawili yazunguke sawa wakati wote. Kwa gari ya uwanjani tu, ni njia rahisi na drift inaanza kukubali mara moja. Kwa gari ya kwenda kanisani, hapana. Kwenye kila kona ya polepole matairi yanalia, shafti zinabeba mzigo usio wao, na wakati wa mvua mkia unateleza hata hukuomba. Halafu kuna uchomeleaji wenyewe. Nilipokuwa kijana nilichomelea difu moja kwa haraka, sikuosha mafuta vizuri, sikupasha chuma moto kwanza. Ilionekana safi. Wiki ya tatu punje ya ule mchomeleo ikavunjika, ikaingia kati ya meno, na magurudumu yote mawili ya nyuma yakajifunga gari ikitembea. Mwenye gari alishuka mzima, lakini hakunisalimia tena mpaka leo, na ninamwelewa.

Ushauri wangu: tafuta difu ya Altezza RS200 ya bwati ya mkono, zile nyingi zilitoka na difu ya Torsen. Inagawa nguvu bila kufunga kabisa, na mama hatahisi chochote. Kabla ya kulipa, hesabu: piga alama ya chaki kwenye shafti ya kati na kwenye gurudumu, zungusha, linganisha uwiano na difu yako. Angalia pia maungio ya shafti kama yanalingana. Muuzaji akikataa usipime, nenda kwa mwingine. Mpaka uipate, fanya mazoezi na difu uliyonayo kwenye sakafu yenye maji. Haitakaa kwenye drift kwa muda mrefu, lakini mikono yako itajifunza usukani.

Freni ya mkono ndiyo chombo chako cha pili. Kwenye Altezza, ndani ya diski ya nyuma kuna dramu ndogo yenye viatu vyake, na hivyo ndivyo vinavyovutwa na kamba ya freni ya mkono. Wengi wanakaza kamba tu, freni inabaki dhaifu. Toa gurudumu, tafuta tundu dogo lenye kizibo cha mpira kwenye diski, ingiza bisibisi, zungusha kigurudumu chenye meno mpaka diski ikatae kugeuka, kisha rudisha meno 8 hivi. Fanya pande zote mbili ndipo ukaze kamba. Ukivuta kwa nguvu gari ikitembea kilomita 30 kwa saa kwenye udongo, magurudumu yote mawili yasimame pamoja. Likisimama moja tu, gari itageuka upande inaoutaka yenyewe. Mafuta ya freni nayo badilisha. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishakunywa maji ya hewani yanaweza kuchemka kwenye 155, na siku hiyo pedali inazama mpaka chini.

Joto ndilo linaloua moteri za drift, kwa sababu unakanyaga gesi sana huku gari haiendi kasi ya kuleta upepo. Hapa kwetu maji yasiyofungwa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100, kwa hiyo kifuniko cha radiatere kinachoshika presha si kitu cha kudharau. Kama mpira wake umekauka, nunua kingine. Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linajaza mapezi ya radiatere mpaka upepo haupiti. Liondoe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa moteri kwenda mbele. Mafuta ya moteri yawe kwenye alama ya juu ya kijiti kila unapoenda uwanjani, maana kwenye duara refu mafuta yote yanakimbilia upande mmoja na pampu inafyonza hewa. Esanse (petroli) nayo isishuke chini ya robo tangi, kwa sababu hiyohiyo. Na kama huna historia ya mkanda wa taimingi, ubadilishe pamoja na pampu ya maji. Kiwango ni kilomita 100,000, lakini kilomita za kwenye dashi za gari za Japani zilizopita mikono minne, wewe unaziamini?

Matairi: mbele weka mazuri kuliko yote uliyonayo, kwa sababu hayo ndiyo yanayokuokoa. Nyuma weka magumu na ya bei ndogo, 205/55R16, ukiyajaza bar 3 hivi ili yateleze mapema, mbele 2.2 inatosha. Ya nyuma yawe ya bei ndogo lakini yasiwe takataka. Kabla ya kununua kwa kwado (fundi wa matairi), soma ubavuni mwa tairi tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi yenye nyufa ubavuni au iliyotiwa viraka mara tatu ikipasuka, waya zake zinachana hadi bawa la gari.

Kunyoosha magurudumu unaweza kwa kamba ya waashi, bila mashine. Weka usukani katikati, gari kwenye sakafu iliyo sawa. Funga kamba kwenye viti vinne, moja kila upande, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Sogeza mpaka umbali kutoka kamba hadi katikati ya gurudumu la mbele kushoto ulingane na wa mbele kulia, na wa nyuma kushoto ulingane na wa nyuma kulia. Mbele na nyuma zinaweza kutofautiana, hiyo ni kawaida. Kisha pima ukingo wa rimu, mbele yake na nyuma yake. Magurudumu ya nyuma, ukingo wa mbele uwe mbali na kamba kwa milimita 1 zaidi ya ukingo wa nyuma: yanatazamana kidogo, na gari inasukuma mbele vizuri. Ya mbele, kinyume chake: ukingo wa mbele uwe karibu na kamba kwa milimita 1, usukani unaitika haraka. Usizidishe, la sivyo barabara ndefu ya kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, itakuchosha.

Ndani ya gari toa kila kitu kilicho huru: tairi ya akiba, jeki, hasa chupa ya maji. Chupa iliyoingia chini ya pedali ya freni ni jambo ambalo sitaki ulijue kwa uzoefu. Batri ifungwe, kizima-moto cha unga kiwe karibu na mkono, kofia iwe ile inayofunika uso wote.

Na uwanja uwe uwanja: kiwanja kilichofungwa, mwenyewe amekubali kwa mdomo wake, watazamaji nyuma ya kitu kigumu na siyo nyuma ya kamba. Barabarani sikusaidii hata kwa bolti moja. Hatufanyi pia ile spinning (kuzungusha gari papo hapo) ya Afrika Kusini ya BMW E30, wanayoiita Gusheshe, mtu akining'inia nje ya mlango. Ule ni ufundi wa peke yake. Mwaga bido (madumu) nne za maji chini, weka tairi kuukuu katikati, uizunguke kwa vitesi ya kwanza mpaka uweze kukaa kwenye duara bila kugusa freni. Kushoto kwanza, kisha kulia, na kulia kutakuwa kugumu zaidi au kinyume chake, kila mtu ana upande wake. Dakika 5 kazi, dakika 10 pumziko, moteri ikinguruma yenyewe bila gesi ili maji yazunguke. Umbo la nane tutaliongelea ukinitumia video ya duara.

Jumamosi jioni rudisha matairi ya kawaida, rudisha presha, na ukaze nati za magurudumu kwa ufunguo wa kupimia, 103 Nm, ndipo mama apande.