Sina tena hamu ya Neno la Mungu: je, imani yangu imekufa?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Niliokoka miaka saba iliyopita, na siku za mwanzo nilikuwa nasoma Biblia hadi usingizi unanichukua. Siku hizi nasoma mstari uleule mara tatu, na nikifunga kitabu sikumbuki nilichosoma. Ibada sikosi, lakini moyoni ni pakavu. Je, imani yangu imekufa?

Jibu: Amina, ndugu mpendwa. Maiti haioni njaa wala haisikitiki kwamba imekosa hamu ya kula. Kule kuumia kwako ni dalili ya uhai. Aliyeimba katika Zaburi ya 42, “Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji, vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu,” hakuwa ameketi kando ya mto. Alikuwa mbali na nyumba ya Mungu, machozi yakiwa chakula chake mchana na usiku, akikumbuka jinsi alivyokuwa akienda huko pamoja na mkutano kwa sauti za furaha, kama unavyozikumbuka wewe siku zako za mwanzo. Naye Bwana wetu hakuwaita heri walioshiba, bali alisema, “Heri wenye njaa na kiu ya haki, maana hao watashibishwa.”

Hata hivyo sitaki ukaishie kwenye faraja hiyo, kwa sababu katika barua yako umenieleza kwa urefu unavyosoma na unavyohudhuria, lakini hukutaja hata jambo moja ambalo Neno lilikuambia ulifanye ukalifanya. Hapo ndipo ninapokuhofia. Mtu anayeshinda amekaa, hata apakuliwe chakula kizuri namna gani, hukichezea tu kwenye sahani. Aliyetoka kulima hahitaji kubembelezwa ale. Waebrania waliopaswa kuwa waalimu walikuwa wangali wanahitaji maziwa, na mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anaeleza kwamba chakula kigumu ni cha watu wazima, “ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya.” Yaangalie maneno hayo mawili, kwa kutumiwa. Ukomavu anaouzungumzia hauji kwa kusikia mafundisho mengi zaidi, bali kwa kuyatumia yale ambayo mtu amekwisha kuyasikia.

Tazama pia pale kisimani Sikari, katika Yohana 4. Yesu alikuwa amechoka kwa safari, wanafunzi wake wamekwenda mjini kununua chakula, na waliporudi wakamsihi ale. Akawajibu, “Chakula changu ndicho hiki, niyatende mapenzi yake aliyenipeleka, nikaimalize kazi yake.” Mimi mwenyewe nilisoma mstari huo kwa miaka mingi nikidhani unahusu kazi ya kuhubiri tu, mpaka nilipotambua kwamba Bwana anauita utii chakula.

Kwa hiyo sikushauri uongeze idadi ya sura unazosoma. Kwa sasa ningependa hata uipunguze. Chukua Mathayo 5:23 na 24, mistari miwili tu, isome kwa sauti asubuhi kabla hujashika simu, kisha mwulize Mungu kama yuko ndugu mwenye neno juu yako. Jina likikujia, na kwa wengi wetu halichelewi, usilifanyie mjadala: nenda kwake, ukatafute kupatana naye. Ikiwa hakuna, kaa na mistari inayofuata mpaka upate agizo linalokuhusu. Meza ya Bwana usiiache eti kwa kuwa huhisi kitu, kwani mgonjwa aliyepoteza ladha bado hulishwa, na chakula kinamjenga hata kabla ulimi wake haujapona. Ukisharudi kutoka kwa huyo ndugu, fungua tena Yohana 4, kisha uniandikie umeona nini.