Rula kwenye mkoba: barua kwa mwanangu Rehema

Goba, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya magharibi

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara nne. Unasema umetimiza miaka 34, Salim anakwenda Muscat kwa mkataba wa miaka miwili, ndoa mmeisogeza mpaka arudi, na kliniki uliyokwenda wamekupa njia mbili: ugandishe mayai yako peke yake, au yachanganywe na mbegu za Salim wagandishe viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa yakaanza kukua. Salim anataka viinitete, kaambiwa ndivyo vinavyohimili zaidi. Nawe unaniuliza: "Mama, wewe ungechagua kipi? Na kweli vinakaa miaka yote hiyo bila kuharibika?"

Ningekutumia sauti, lakini nakujua. Utaifungulia kwenye pantoni, nusu ya Kigamboni ijue habari za mayai yako. Baraka atakuletea bahasha hii kesho akienda kazini.

Nianze na swali la pili, maana hilo nalijua kwa mikono yangu. Unaukumbuka ule mtungi wa alumini uliokuwa kwenye kona ya ofisi yangu, wenye tumbo pana na shingo nyembamba, ukinifuata kila ukifunga shule? Nilikuwa nakukataza kuugusa. Mimi nilisomea mifugo Buhuri, Tanga, nikapelekwa Usa River kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji kujifunza kupandikiza ng'ombe mbegu za dume. Nilipohamishiwa Dar, kazi ilikuwa kuzunguka Mbezi, Tegeta na Boko kwa watu waliofuga ng'ombe wa maziwa uani. Mbegu za madume zilikaa kwenye mirija myembamba kama ujiti wa chelewa, imezama ndani ya nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Viinitete vya watu navyo vinakaa humohumo, kwenye nitrojeni ileile.

Tena nikwambie, na hapa niache nijivune kidogo: mambo haya yalianzia kwetu watu wa mifugo. Mwaka 1949 watafiti wa London waligundua kwamba mbegu za jogoo zikichanganywa na gliserini zinagandishwa na kuamka zikiwa hai. Waligundua kwa bahati tu, chupa ilikuwa na kibandiko kisicho chake. Mwaka 1973 akazaliwa Cambridge ndama aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa, na mmoja wa waliofanya kazi ile, Ian Wilmut, ndiye baadaye aliyeongoza kazi ya kumtengeneza Dolly, yule kondoo aliyenakiliwa kutoka kwa kondoo mwingine. Mtoto wa kwanza wa binadamu aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Melbourne mwaka 1984. Ng'ombe alitangulia miaka 11.

Kwa nini baridi haiharibu? Baridi yenyewe haina shida, shida ni barafu. Chukua nyanya uliyoisahau kwenye friza. Ukiitoa inayeyuka, inakuwa uji, ngozi yake pembeni. Maji yaliyokuwa ndani yameganda yakawa vijisindano, vikatoboa kila kitu. Sasa yai la mwanamke ndiyo seli kubwa kuliko zote mwilini, kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na limejaa maji. Ndiyo maana lilisumbua. Mtoto wa kwanza wa yai lililogandishwa alipatikana Adelaide mwaka 1986, lakini chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliendelea kuliita jambo hili la majaribio mpaka 2012. Kilichobadilisha mambo ni namna ya kugandisha. Zamani walipoza polepole. Siku hizi wanatoa maji ndani ya yai, wanaingiza dawa ya kulilinda, wanaliweka kwenye ncha ya kijiti chembamba cha plastiki na kulichovya kwenye nitrojeni ghafla, kiasi kwamba barafu haipati nafasi ya kujijenga. Linakuwa kama kioo. Kiinitete kina seli ndogondogo nyingi, chenyewe kilivumilia hata zile njia za zamani. Kwa hiyo Salim hajadanganywa. Ila pengo lile sasa limekuwa dogo.

Na likishakuwa kioo, miaka haihesabiwi. Oregon, Marekani, Oktoba 2022 walizaliwa mapacha kutoka viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992, miaka 30 humo ndani. Uingereza sheria yao tangu Julai 2022 inaruhusu kuhifadhi mpaka miaka 55, mradi mwenyewe athibitishe tena kila miaka 10.

Umeme ukikatika je? Najua utauliza, wewe ni mtoto wa Dar. Mtungi hauchomekwi ukutani. Ni chupa ya chai kubwa: kuta mbili, katikati hamna hewa. Umeme ukatike wiki nzima, nitrojeni haina habari. Lakini inapungua yenyewe, siku hadi siku, kama chai inavyopoa hata kwenye chupa nzuri. Lazima mtu aongeze.

Hapo ndipo penye kisa ambacho sijawahi kukusimulia.

Kupima nitrojeni tulikuwa na rula nyeusi ya plastiki. Unaifungua shingo ya mtungi, moshi mweupe unamwagika chini kama maziwa, unaichovya rula mpaka kwenye sakafu ya mtungi, unahesabu, unaitoa na kuipunga hewani. Pale ilipozama panaota barafu nyeupe kama unga. Unasoma: sentimita 20, sentimita 14. Unaandika kwenye daftari, unasaini. Dakika moja tu.

Ijumaa moja kuelekea Idd, ulikuwa na miaka mitatu, una surua, bibi yako kanipigia simu ya ofisini. Niliandika "kiwango sawa", nikasaini, nikakimbilia basi. Sikuchovya. Kiwango kilikuwa sawa Jumatatu, nikaona kitakuwa sawa. Mwenzangu aliyetakiwa kuongeza akaona saini yangu, naye akaenda zake kwao. Tuliporudi Jumatano mtungi ulikuwa mwepesi. Chini kulibaki ubaridi tu. Tukaleta nitrojeni, tukajaza, mirija ikaganda upya. Kwa macho ilikuwa vilevile, Rehema. Hakuna mtu duniani angeitazama akajua imekufa.

Nilipaswa kuitupa siku ile. Nilimwambia mkubwa wangu, akasema mirija ni ya gharama, tujaribu. Tukajaribu. Kulikuwa na mzee wa Tegeta, na ng'ombe wake mmoja wa kisasa aliyemnunua kwa kiinua mgongo. Nilimpandikiza, baada ya siku 21 akarudi kwenye joto, yaani hakushika mimba. Nikapandikiza tena, siku 21 nyingine. Mara ya tatu yule mzee hakuniambia kitu, alinipa tu maji ya kunawa. Na mimi nilijua. Hasara ile haikuwa ya kuvunja nyumba, ni maziwa ya msimu na ndama mmoja. Lakini mpaka leo nikisikia neno "kiwango sawa" tumbo linanikata.

Sasa tazama. Machi 2018, Cleveland kule Ohio, mtungi wa hospitali ulipata joto usiku wa wikiendi. Mtungi ule ulikuwa na kengele ya kumwita mhusika nyumbani. Kengele ilikuwa imezimwa. Mayai na viinitete zaidi ya 4,000 vikaharibika. Siku hiyohiyo mtungi mwingine San Francisco ukapata hitilafu yake. Mobile, Alabama, mwaka 2020 mgonjwa mmoja alipenya mpaka chumba cha kuhifadhia, akaingiza mkono akashika viinitete vya watu, baridi ikamuunguza, akaviangusha sakafuni. (Kidole changu cha shahada kina alama ya nitrojeni mpaka leo, kwa hiyo huyo namwelewa alivyoruka.) Kesi ya tukio hilo ndiyo iliyofanya mahakama kuu ya jimbo lile, Februari 2024, iseme kiinitete kilicho mtungini ni mtoto mbele ya sheria yao ya fidia ya kifo. Hayo ni yao. Lakini unaona mambo yanavyoharibika: wale viumbe wadogo walikuwa salama kabisa, mtu aliyetakiwa kuwalinda ndiye hakuwapo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili: vinakaa, vikilindwa. Hapo kliniki usiulize mtungi umetoka nchi gani. Uliza nani anajaza nitrojeni, kila siku ngapi, na sikukuu nani anakuwepo. Uliza nitrojeni wanaitoa wapi na barabara ikifungwa wana akiba ya siku ngapi. Kengele inampigia nani, na mara ya mwisho kuijaribu ni lini. Mayai yako yote yatakuwa mtungi mmoja au wameyagawa miwili? Omba kuona daftari. Kama kurasa zote zina mwandiko mmoja, wino mmoja, namba ileile kila siku, funga mkoba wako uondoke. Nitrojeni haibaki namba moja siku saba. Mimi najua daftari la uongo linavyofanana, nimeliandika.

Swali la kwanza sasa. Gandisha mayai.

Salim nampenda, unajua. Hajawahi kufika hapa mikono mitupu. Lakini nikusimulie mwanamke mmoja wa Uingereza. Mwaka 2001 aliambiwa ana uvimbe kwenye ovari, ile mifuko ya mayai, zitatolewa. Kabla ya kutolewa wakampa nafasi. Aliuliza kama anaweza kugandisha mayai yake tu, akaambiwa kliniki ile haifanyi. Mchumba wake alikuwa pale, akamtuliza: hatutaachana, hakuna haja. Wakatengeneza viinitete sita. Mwaka uliofuata wakaachana, na yule bwana akaandika barua kwamba viharibiwe. Sheria yao inataka ridhaa ya wote wawili mpaka dakika ya kupandikiza. Yule mwanamke akashtaki, akashindwa, akaenda mpaka Strasbourg, na Aprili 2007 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya ikamnyima. Ovari hana, viinitete hana. Na yule bwana sidhani alikuwa mwongo siku ile aliposema hatutaachana.

Yai ni lako mwenyewe. Kiinitete kina wenyewe wawili, na mmoja atakuwa Muscat.

Na kuna dini, ambayo kwenye ujumbe wako umeiruka kama dimbwi la maji. Nyinyi bado hamjafunga ndoa. Wanazuoni wa Misri waliruhusu kurutubisha yai nje ya mwili tangu 1980, lakini kwa mume na mke. Wanazuoni waliokutana Jeddah mwaka 1990 walisema kwa kuwa mayai yanaweza kuhifadhiwa bila kurutubishwa, yarutubishwe yale tu yanayohitajika, ili yasibaki mabaki. Na Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa ya Misri, ilipoulizwa mwaka 2019 juu ya kugandisha mayai ilijibu inajuzu kwa masharti, mojawapo likiwa yarutubishwe kwa mbegu za mume ndani ya ndoa. Mimi si shekhe. Kamuulize ustadhi wako, ila muulize kwa maneno kamili, usimfiche kitu kwa aibu ukapata jibu la swali lingine.

Yaliyobaki daktari atakueleza vizuri kuliko mimi: sindano za homoni siku kama 10 hadi 12, utrasaundi kila mara, kisha wanayatoa kwa sindano ukiwa umelazwa usingizi. Tumbo likivimba, ukabanwa na pumzi, usijikaze kisabuni, rudi hospitali usiku huohuo.

Ila wasikuuzie ndoto. Mayai 12 si watoto 12. Mengine hayajakomaa, mengine hayaamki, mengine yanagoma kurutubishwa, na yaliyorutubishwa mengi yanaishia njiani kabla ya siku ya tano. Hata mimi na mbegu nzuri, mkono mzuri na ng'ombe mzima, karibu nusu walikuwa wanarudi kwenye joto. Faida unayoinunua ni moja: yai la miaka 34 litabaki la miaka 34, hata likitumika una 39. Msichana anazaliwa na mayai milioni moja au mbili, akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na kadiri miaka inavyokwenda yanayobaki yanazidi kuwa na kasoro. Hilo shangazi yako hajui, yeye kila Idd anauliza tu "vipi, bado?" Mwache. Nitazungumza naye mimi, na safari hii sitacheka.

Bei uliyonitajia ni kubwa. Uliza kama ada ya kuhifadhi kila mwaka imo ndani au nje, na ukichelewa kulipa wanafanya nini. Iwe kwenye karatasi. Kwenye fomu patakuwa na mahali pa kusema mayai yafanyiwe nini ukifariki. Usipaache wazi kwa sababu ya kuogopa mkosi.

Jumamosi nitavuka nije. Nimeitafuta ile rula, iko kwenye kabati chini ya vyeti, bado nyeusi. Nitaiweka mkobani. Usiniangalie hivyo. Wakiniruhusu kuingia nitaichovya mwenyewe.

Mama yako