Mdogo wangu amekimbia na fedha za tajiri wake: je, nimfiche?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mdogo wangu alikuwa akiuza duka la jumla Kariakoo. Ametoroka na mauzo ya siku kadhaa, yupo kwangu Tanga, na polisi wanamtafuta. Anadai tajiri alimkalia na mishahara ya miezi miwili. Anasema ameshatubu, na kweli anasimama usiku kuswali. Mama ananisihi nisimtoe. Je, nina dhambi? Na fedha alizonipa za matumizi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Dada yangu, hofu iliyokufanya uulize ni alama ya imani.

Mama anasema kwa uchungu wa uzazi, na hatumlaumu. Lakini Mtume (S.A.W.) aliposema, "Mnusuru ndugu yako akiwa dhalimu au amedhulumiwa," masahaba walimuuliza: huyo dhalimu tumnusuru vipi? Akajibu kuwa umzuie asidhulumu. Hadithi hii ameipokea Bukhari. Kumpa chumba ajifiche na mali ya mtu hakumzuii chochote. Na katika Sahihi Muslim, Ali bin Abi Talib (R.A.) amepokea kwamba Mwenyezi Mungu amemlaani anayemhifadhi mhalifu. Ni neno zito kumwambia dada, ila si halali kwangu kulinyamazia.

Toba yake ina upungufu. Kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia hutosha katika haki ya Mwenyezi Mungu. Haki ya mja lazima irudi kwa mwenyewe. Mtume ametueleza kuhusu muflisi wa umma wake: anakuja Kiyama na swala, saumu na zaka, naye alikula mali ya huyu na kumpiga yule, basi mema yake yanagawiwa kwa aliowadhulumu. Mdogo wako asikie hili vizuri. Rakaa anazosimama usiku zinaweza kuishia kwenye mizani ya tajiri wake.

Mishahara ni deni la kweli kama hajalipwa, na ana haki ya kuidai. Wanazuoni wamehitilafiana kama mtu anaweza kujichukulia haki yake mwenyewe. Hata walioruhusu hawakuruhusu izidi shilingi moja. Tazama Hijra. Makureshi walikula njama za kumuua Mtume, akaondoka Makka akiwindwa, na bado alimwacha Ali nyuma awarudishie watu amana zao. Nani alikuwa na kisingizio kikubwa kuliko yeye?

Fedha alizokupa si halali. Zilizobaki usiziguse. Ulizotumia bila kujua huna dhambi, ila ziingizwe kwenye hesabu ya deni.

Sasa mtafuteni imamu wa msikiti wenu na mtu mzima wa ukoo waende kwa tajiri na fedha zilizopo, waombe muda kwa zilizopungua, na wamweleze pia suala la mishahara. Huenda akasamehe. Kesi ya jinai lakini iko mikononi mwa serikali, kwa hiyo mdogo wako ajisalimishe mwenyewe, afuatane na wakili au ndugu. Akikataa, usimpe nauli ya kukimbilia kwingine, na ukiulizwa usiseme uongo.

Udugu haukatiki hapo. Akiwekwa mahabusu mpelekeeni chakula, na kwenye kulipa deni changieni mnachoweza, mama naye mmhusishe.

Wallahu a'lam.