Wadogo zangu wa utafiti wa chanjo, barafu nayo muiogope

Wadogo zangu mnaomaliza chuo mkaingia utafiti wa chanjo, hili mi sikulipata darasani, nilikutana nalo ziwa Tanganyika.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipangiwa Kigoma, chanjo tunapeleka vijiji vya mwambao kwa boti na jua la kule ziwani mnalijua wenyewe, sasa mi akili yote iko kwenye joto, nikatoa aisi peki kwenye friza zikiwa ngumu kama jiwe nikazibananisha na vichupa pande zote. Tumefika, nesi wa zahanati, mama mtu mzima, akashika kichupa akakitikisa akakitazama muda, akaniambia "mwanangu, hii mbona kama iliganda?" Tukasitisha. Usiku tukagandisha kingine makusudi, asubuhi kikayeyuka tukavitikisa pamoja, mashapo yakatuama sawasawa, maana yake na zile za kwetu ziliganda. Zote zikaenda kuharibiwa.

Iko hivi. Chanjo ya homa ya ini B, au ile pentavalenti ya magonjwa matano kwa pamoja, ina chumvi ya aluminiamu inayosaidia kuamsha kinga, ikiganda chembe zake zinashikana na hata ikiyeyuka hairudi ilivyokuwa. Alafu kile kialama cha kwenye kichupa kinachobadilika rangi kinasoma joto tu, kuganda hakikwambii kitu! Zikae nyuzi 2 mpaka 8 za Selsiasi, basi. Aisi peki ziache nje kwanza mpaka ukitikisa usikie maji yanacheza ndani.

Najua wengi mnataka maabara, mnataka kugundua, na ni vizuri, tunawahitaji. Kwetu Tabora warina asali bado wanaingia porini kwenye mbung'o na malale haina chanjo mpaka leo, kwa sababu kimelea chake kikiwa kwenye damu kinabadilisha gamba lake la nje kila kinga inapokizoea. Hiyo kazi inawasubiri. Ila mjue ni miaka, chanjo ya malaria ya RTS,S ilianza kutengenezwa miaka ya 1980, majaribio makubwa yakapita Bagamoyo na Korogwe, WHO wakaipendekeza 2021. Na miaka yote hiyo ingeweza kuishia kwenye kikasha cha kijana mmoja asiyejua aisi peki.

Wale akina mama tuliwarudisha na watoto mgongoni. Wiki iliyofuata tulipokwenda tena, sio wote waliokuja.